Utepe wa Baridi juu ya Lodwar

Puto jeupe lilipoachiliwa halikupaa moja kwa moja. Kwanza liliinama, kama mtu anayeingia katika akai, kile kibanda cha Waturkana ambacho mlango wake humlazimisha kila mgeni kuinamisha kichwa. Kisha upepo wa kusini-mashariki ukaliburuta juu ya paa la mabati la kituo cha hali ya hewa, likajinyoosha, likashika njia. Chini yake, mwishoni mwa uzi mrefu, kilining'inia kisanduku chepesi kama kiota kitupu, na ndani ya kisanduku mlikuwa na redio ndogo. Kipimajoto, chembamba kama mwiba wa mgunga, kilichomoza nje ubavuni ili kiguse hewa.

Nawoi hakuliona likipaa. Hakuwahi kuliona hata moja. Wakati wa kuachiliwa puto yeye huwa ndani, visikizi masikioni, mkono kwenye kitufe cha mashine ya kupokea, akiitafuta sauti ya kisanduku. Redio hiyo ndogo ilikuwa na tabia ya kuhama masafa yake mara tu inapoondoka ardhini, na asipokuwapo mtu wa kuifuata hupotea, na puto lote likawa limekwenda bure. Kwa hiyo kazi iligawanywa. Nawoi hukikagua kisanduku mezani, akakilinganisha na kipimajoto cha kituo, akaridhika, akampa Epuyo, mhudumu wa kituo. Epuyo hukitoa nje. Muda kidogo baadaye sauti huanza kupanda, nyembamba, kama mbu aliye mbali.

Mwaka ulikuwa 1999, mvua imekataa, na mto Turkwel umebaki mchanga na madimbwi machache chini ya mikoma. Nawoi alikuwa amerudi Lodwar baada ya miaka mingi ya shule na chuo, akiwa na mitungi ya gesi, maputo yaliyokunjwa, na swali moja: je, setilaiti inasema kweli?

Setilaiti haina kipimajoto. Iko mahali ambapo karibu hakuna hewa ya kupimwa. Inachofanya ni kusikiliza. Oksijeni iliyomo katika angahewa hutoa mikrowevu, mawimbi mafupi yasiyoonekana, ndugu wa yale ya redio. Hewa ikipata joto zaidi, mawimbi hayo huongezeka nguvu. Setilaiti huyapokea kutoka juu na kukadiria halijoto. Lakini haiwezi kutenga hewa iliyo juu ya mkoma na ile iliyo juu ya mlima. Huchukua tabaka zima, nene la kilomita kadhaa, juu ya eneo pana kama nchi iliyopo kati ya Lodwar na Kakuma, na kulipatia nambari moja tu. Katika miaka hiyo nambari hizo zilikuwa zimezua mabishano makubwa. Vipimajoto vya ardhini vilisema dunia inapata joto; setilaiti zilisema si hivyo, au ni kidogo sana. Baadaye ikagunduliwa kwamba setilaiti zenyewe zilikuwa zinashuka, polepole mno, zikivutwa na hewa hafifu ya huko juu, na kushuka huko kulipotosha hesabu, ambazo zililazimika kusahihishwa. Palihitajika mashahidi wengine. Puto ni shahidi mzuri: linapita ndani ya hewa yenyewe na kuigusa hatua kwa hatua.

Na maputo ya Lodwar yalikuwa yameleta habari. Setilaiti ilipopita mchana, ilitoa nambari ya juu kuliko ile aliyoipata Nawoi kutokana na visanduku vyake. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilijirudia. Alipoichunguza akaona inatoka chini, katika kilomita ya kwanza: hapo kipimajoto kilishuka ghafla kwa nyuzi chache, kisha kikapanda kidogo kidogo hadi kuungana na hewa iliyobaki. Palikuwa na utepe wa baridi juu ya Lodwar. Upepo ule wa kusini-mashariki, unaobanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ulikuwa unaubeba juu ya vichwa vya watu, na hakuna aliyejua.

Nawoi hakuwa mtu wa kupenda vitu ovyo, lakini utepe huo aliupenda. Saa za joto kali, mji unapolala na mbuzi wanapojibana kwenye kivuli cha ukuta, naye hulala kwenye kitanda cha kamba, macho nusu wazi, akauona: mto usio na kingo, wa hewa iliyopoa, unatiririka kimya juu ya mabati, juu ya vilima vyeusi, juu ya ngamia, ukielekea Kakuma na Nadapal hadi ng'ambo ya mpaka. Wakati mwingine aliota ameinua mkono na kuutumbukiza humo. Akiamka hujicheka. Lakini profesa aliyemsimamia kutoka ng'ambo hakucheka. Alimwambia kwa simu: njoo na utepe wako, nafasi ya masomo ipo, mwezi wa tisa uwe hapa. Utepe huo ndio uliokuwa nauli yake.

Nawoi alikuwa bado hajamwambia mama yake.

Mama yake aliitwa Akiru. Mbuzi wake walikwisha kwa ukame, naye akaja kukaa nyuma ya nyumba aliyopanga binti yake, katika akai aliyoijenga mwenyewe kwa makuti ya mkoma, kwa sababu alisema nyumba ya mabati inapika watu. Kila kunapokaribia saa ya puto aliinuka, akachukua kibuyu chake cha maji, akatembea hadi kituoni na kuketi nje, ukutani. Nawoi alidhani anafuata kivuli.

Kisha kituo cha pili cha maputo, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kikaanza. Visanduku vya huko vilikuwa vimechelewa, na mtu wa kuvirusha alikuwa Zéphyrin, mwalimu wa fizikia kutoka Bukavu ambaye vita vilimtoa darasani na kumtupa kambini. Aliyatuma matokeo yake kwa redio ya mawasiliano. Nawoi aliyachora karibu na ya Lodwar, akasukuma kiti nyuma.

Kakuma haikuwa na utepe. Na nambari ya Kakuma ilikubaliana na ya setilaiti.

Upepo ni ule ule. Jangwa ni lile lile. Mmoja wa mashahidi wawili alikuwa anakosea, na Nawoi hakusita kuamua ni yupi. Alipata nafasi katika gari la msafara lenye walinzi, akaenda.

Zéphyrin alimpokea langoni, shati limepigwa pasi kama la siku ya mtihani.

"Karibu, Dada Nawoi! Umekuya na vumbi yote ya Lodwar? Haukuachia bengine?"

"Nimekuja kuona vifaa."

"Kwanza chai."

"Kwanza vifaa."

"Sawa, chef." Alimpigia saluti kama kwa mkubwa wake, akacheka. "Batu ba kambi banasema weye ni polisi ya hewa. Nilibakatalia. Sasa minaona banasema kweli."

Nawoi alikagua kila kitu. Kivuli cha mahali pa kulinganishia, saa ya ukutani, waya wa antena, namna kisanduku kinavyobebwa ili jua lisikipige. Alitafuta kosa kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Hakulipata. Zéphyrin alikuwa amesimama kando, mikono nyuma.

"Ulifikiri mikono ya mkimbizi inatetemeka?" aliuliza, bila hasira.

"Nilifikiri kifaa kina hitilafu."

"Ni kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja," Nawoi alisema, kisha, kwa kuwa alipenda usahihi, akaongeza: "Lakini nilikifikiria na hicho kingine."

"Asante. Sasa tunaweza kunywa chai."

Mchana huo Zéphyrin alikaa mwenyewe kwenye mashine, kwa hiyo Nawoi hakuwa na kazi. Alitoka nje. Mwanamke wa Kidinka aitwaye Awut, aliyeajiriwa kushika puto, alikuwa amelikumbatia kifuani, khanga yake ikipigwa na upepo. Zéphyrin akagonga dirisha. Awut akafungua mikono, basi. Puto likainama, likainuka, likaenda zake na kisanduku chake kikavu. Nawoi alilifuata kwa macho mpaka likawa doa, mpaka doa likawa ni kukumbuka tu kwamba palikuwa na doa.

Alikuwa mwanasayansi wa maputo, na hilo lilikuwa la kwanza kuliona likiondoka.

Wazo lilimjia papo hapo, tupu na baridi. Huko Lodwar, kati ya meza yake na anga, palikuwa na kipande cha njia ambacho hakuwahi kukiona.

Alirudi siku iliyofuata. Saa ya puto ilipofika alikagua kisanduku kama kawaida, akampa Epuyo, akavaa visikizi. Epuyo alipotoka, alivivua, akaviweka mezani vikiendelea kulia peke yao, akaenda kusimama mlangoni.

Mama yake alikuwa amesimama. Kibuyu kilikuwa wazi. Epuyo, mtu mzima mwenye kofia ya serikali, alikuwa amekishika kisanduku mbele yake kwa mikono miwili kama anayeshika mtoto wa mtu. Akiru alijaza maji mdomoni, akainua kidevu, akayapuliza. Yalitoka kama ukungu, yakametameta juani, yakatua juu ya kisanduku na juu ya ule mwiba mwembamba wa kipimajoto.

"Nenda na ubaridi," alisema kwa Kiturkana.

"Nenda," Epuyo aliitikia.

"Rudi na ubaridi."

"Rudi."

"Njia yako iwe na maji."

"Iwe."

Ndipo Epuyo akaachilia. Alipogeuka akamwona Nawoi mlangoni, akavua kofia.

"Madam! Mashine iko na nani?"

"Mmeanza lini haya?"

"Haya gani? Haya ya mama?" Epuyo alishangaa kweli. "Kutoka puto ya kwanza. Mimi nilijua ni wewe umeleta yeye. Nikasema, sawa, hii masomo ya siku hizi imekumbuka wazee."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Mama ya mtu anabariki, mimi nimwambie wacha?" Aliirudisha kofia kichwani. "Madam, mimi niko na watoto."

Nawoi aliingia ndani, akachukua kisanduku cha akiba, akakiunganisha na mashine, akakiweka mbele ya feni. Alisubiri kitulie. Kisha alijaza maji mdomoni. Aliona haya, ingawa chumbani hamkuwa na mtu. Akapuliza.

Nambari zilianguka. Zilishuka nyuzi chache, zikakaa chini kwa muda, kisha zikaanza kupanda, kidogo kidogo, kadiri matone yalivyokauka. Maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto. Mwanafunzi wa kidato cha pili analijua hilo. Alichora mstari, akauweka juu ya ile michoro ya Lodwar. Iliingiana kama upanga na ala yake. Hapo mezani, mbele ya feni ya kituo, utepe ulikuwa umezaliwa tena, wote, pamoja na mkunjo wake wa mwisho alioupenda kuliko yote.

Hapakuwa na mto wa baridi juu ya Lodwar. Palikuwa na mwanamke na kibuyu. Mashine ilikuwa imesikia baraka na kuiandika kama hali ya hewa, na Nawoi alikuwa ameilalia na kuiota.

Alipotoka tena nje jua lilikuwa limeinamia vilima. Akiru bado alikuwa ukutani. Nawoi aliketi karibu naye, mchangani.

"Mama, maji yako yameharibu kazi yangu."

"Maji hayaharibu."

"Yamekipoza kipimajoto. Kila nilipodhani hewa imepoa, ilikuwa ni mate yako."

Akiru alilifikiria hilo kwa uangalifu.

"Nilikiombea kiende kikiwa kimepoa," alisema. "Kikapoa?"

"Kikapoa."

"Sasa?"

Kwa upande wa ukweli mtupu, mama yake alikuwa hajakosea popote. Aliomba jambo, likawa, likapimwa, na vipimo vilikuwapo ndani.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Wewe uliniuliza?" Akiru alipiga chafya ya kicheko, kisha akaufunga mdomo wa kibuyu kwa kiganja. "Ule ukame wa utoto wako uliofagia kila kitu, nilikuwa Kalemng'orok na mbuzi. Lori la misheni likapita huku likichukua watoto kuwapeleka kwenye chakula na shule. Walikuchukua wewe. Niliporudi nikaziona alama za magurudumu, nikazifuata mpaka zikaingia barabarani. Hakuna aliyekutilia maji. Uliondoka mkavu."

"Nilifika salama, Mama."

"Ulifika," alisema Akiru. "Ukarudi unaongea kama mtu anayehesabu chumvi." Aliutazama mlango wa kituo. "Nikaona unatuma vitu vidogo mbali sana, peke yao. Nikasema, hivi havitatoka vikavu. Angalau hivi."

Nawoi alijaribu kuhesabu yaliyobaki, kwa kuwa kuhesabu humtuliza. Maputo yote ya Lodwar yalikuwa hayafai. Gesi iliyobaki mtungini ilitosha puto moja. Puto hilo likienda kavu, na utepe usionekane, atakuwa na ushahidi kamili kwamba setilaiti ilikuwa inasema kweli na yeye ndiye aliyekosea. Likienda limeloa, utepe utaonekana tena. Na hakuna mtu ng'ambo ambaye angeuliza juu ya kibuyu. Zéphyrin angedhaniwa kuwa ndiye mwenye hitilafu. Wangemwamini yeye kwa haraka, kama alivyojiamini yeye mwenyewe.

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma.

Kulipopambazuka, setilaiti ya asubuhi ilipokaribia kupita, alimketisha Epuyo kwenye mashine, akamvisha visikizi, akamwonyesha jinsi ya kuifuata sauti.

"Madam, kanalia! Kama mbu!"

"Usimwache mbu huyo."

Alitoka nje na puto. Halikuwa na uzito. Kinyume chake, lilimpunguzia wa kwake, na kwa kila pigo la upepo visigino vyake vilijiona vyepesi. Kisanduku alikishika kwa mkono wa pili. Mama yake alikuwa tayari amesimama, kibuyu wazi.

"Hiki kiende kikavu, Mama."

"Hakuna kinachoondoka kikavu."

"Basi nitilie mimi."

Akiru aliushusha mkono. Alimtazama binti yake, kwanza miguuni, kisha usoni, kama anavyotazamwa mbuzi anayetaka kuuzwa kwa siri.

"Hutiliwa anayeondoka," alisema. "Wewe unaondoka?"

Puto lilivuta. Kutoka dirishani Epuyo alianza kuita kwamba saa inakaribia, na ilikuwa kweli. Setilaiti haimngoji mtu. Nawoi angeweza kusema sijui, na hilo nalo lingekuwa kweli. Profesa alimwalika yeye na utepe wake, na utepe haupo.

"Ninaondoka," alisema.

"Mbali?"

"Mbali. Huenda watanirudisha nikishawaambia nililokosea. Lakini nitakwenda kuwaambia."

"Lini?"

"Mwezi wa tisa."

Akiru aliitikia kwa kichwa, polepole, kama aliyelijua hilo tangu siku nyingi na alikuwa anangoja tu lipate mdomo. Aliinua kibuyu, akapiga funda, akalishika mdomoni.

Nawoi alikigeuza kisanduku upande upepo unakotoka, akakificha nyuma ya mgongo, mbali kadiri mkono ulivyofika, ili tone lolote lisikifikie. Kisha akafumba macho.

Maji yalimpiga kwenye paji, kwenye kope, kwenye midomo. Yalikuwa na ladha ya moshi wa kibuyu na tumbaku. Hakukuwa na wa kuitikia, Epuyo akiwa ndani na mbu wake, kwa hiyo mama yake alipotamka maneno, Nawoi aliitikia mwenyewe, kwa lugha ambayo ulimi wake ulikuwa umeiweka mbali kama nguo ya msiba.

"Nenda na ubaridi."

"Nenda."

"Rudi na ubaridi."

Hapo alichelewa kidogo.

"Rudi," alisema.

Akafungua mikono.

Puto liliinama, likafikiri, likapaa. Lilipita juu ya paa, juu ya mikoma, likashika njia ya Kakuma, na mwanga wa jua ambalo lilikuwa bado halijawafikia wao waliosimama chini ukalipata na kuliwasha.

"Madam!" Epuyo aliita kutoka ndani. "Namba haishuki ghafla! Ile ya kushuka haiko! Inakwenda tu laini!"

"Andika," Nawoi alijibu.

Mahali fulani juu ya yote hayo, zaidi ya pale jicho linapofika, setilaiti ilikuwa inapita, nayo ikishuka polepole bila kujijua, ikisikiliza. Ilikuwa inawakusanya pamoja: vilima, mto mkavu, Zéphyrin na shati lake la pasi, Awut na mikono yake wazi, mama na kibuyu chake, vyote katika nambari moja ambayo wiki ijayo ingeletwa na ndege kutoka Nairobi. Nambari hiyo ingekuwa sahihi.

Upepo ulimpiga usoni, na uso ukawa baridi kuliko kitu chochote kilichokuwa Lodwar asubuhi ile. Nawoi aliijua sababu. Alijua pia kwamba utakauka kabla puto halijapita vilima. Alisimama palepale, mikono imeshuka, wala hakuufuta.